Ziwa limefungwa, wewe hujafungwa: kisa cha mama mmoja wa mwaloni Kigoma

Kisa hiki kimeandikwaje

Mhusika nimempa jina la Mama Debora. Si jina lake, wala hana mtoto anayeitwa hivyo. Nimebadilisha idadi ya watoto na kazi ya mume, na sitaji dhehebu wala mwalo, yaani ufuko mitumbwi ya uvuvi inapotua, kwa sababu watu wa mialo ya Kigoma wanajuana hata kwa kikohozi. Amesoma rasimu yote mara mbili. Alifuta mahali pawili, na palipobaki akanitaka niongeze kitu nilichokuwa nimekiruka. "Andika na ile saa kumi yako, Mwalimu," alisema. Basi nimeiandika.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa mlezi wa idara ya wanawake kanisani kwetu. Naandika kwa ajili ya walezi wenzangu, wale ambao siku yoyote watafuatwa na mama aliyechoka awaulize: nitasali saa ngapi, nami siku nzima sina pa kukaa? Nilikuwa na jibu la swali hilo, na nililitoa kwa watu wengi kabla sijagundua kwamba halifai.

Maisha yake yalivyokuwa

Mama Debora ana miaka arobaini na kitu. Nyumbani wako saba katika vyumba viwili na sebule: yeye, mume, watoto watatu na mabinti wawili wa marehemu kaka yake. Mume ni fundi seremala. Yeye anauza dagaa.

Asiyeishi kando ya Ziwa Tanganyika anahitaji kwanza aelewe mambo ya dagaa, la sivyo hataelewa kilichofuata. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni za betri na sola. Mwanga unawavuta wajikusanye, kisha wavu unainuliwa. Sasa mwezi ukiwa mpevu, ziwa zima limeangaza, taa inakosa nguvu na dagaa hawakusanyiki. Kwa hiyo kila mwezi kuna siku za giza, ambazo ni za kazi usiku na mchana, na kuna siku za mbalamwezi, ambazo wavuvi wengi hukaa nchi kavu wakishona nyavu.

Katika siku za giza mitumbwi hurudi alfajiri. Saa kumi na moja akina mama wako mwaloni, khanga zimekazwa kiunoni, mabeseni mkononi, wanasikilizia bei ya leo. Ukichelewa nusu saa utaambulia waliopondeka. Ukishanunua unakwenda kuanika, kwenye mchanga au kwenye chanja kama unayo. Ikifika saa tatu asubuhi wametandazwa wote, na kazi inayobaki ni kungoja jua, kuwageuza, na kufukuza kunguru. Jua likiwa kali, jioni wamekauka. Magunia mengine yanaishia soko la Mwanga, mengine yanapanda treni kwenda Tabora na Dar es Salaam.

Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimlisha. Juu yake aliweka kanisa. Alikuwa katibu wa idara ya wanawake, mhazini wa kwaya, mwalimu wa shule ya Jumapili, mjumbe wa kamati ya ujenzi, na kiongozi wa maombi ya nyumba kwa nyumba kila Alhamisi. Vyeo hivyo vimeandikwa. Kisichoandikwa popote ni kwamba kila msiba, kila harusi, kila mgeni wa mchungaji, watu walikuwa wakimtazama yeye. Nasi tulimtaja kwa fahari. Mimi mwenyewe niliwahi kumwinua mbele ya kusanyiko nikasema: mwigeni huyu.

Dalili

Januari 2024 alipewa neno la kutufundisha siku ya Jumatano. Alifundisha vizuri, akina mama wawili walilia. Tulipokuwa tukirudi akaniambia, kama anayesimulia habari za mtu mwingine: "Lile neno nimelifundisha mara ya tatu sasa. Nililitafuta asubuhi nikiwa juu ya bodaboda. Nagawa samaki, Mwalimu, mimi mwenyewe sijala tangu sijui lini."

Wiki ile ile nilimwomba Biblia yake nisome mstari. Ilikuwa ya zipu, na zipu haifungi, imetuna. Ndani mlikuwa na orodha ya michango ya bati, risiti za mchele, majina ya wanaodaiwa sare, karatasi ya madeni ya dagaa, na picha ya pasipoti ya mtoto. Nilipekua nikitafuta kitabu cha Isaya, karatasi zikawa zinamwagika. Kuanzia katikati ya Agano la Kale kurasa zilikuwa bado zimegandana kama za kitabu kipya, na ile Biblia ilikuwa na miaka sita.

Dalili ya tatu sikuiona, nilisimuliwa. Kwenye maandalizi ya harusi moja, binti wa miaka kumi na saba alichelewa kufika kumenya vitunguu. Mama Debora alimfokea mbele ya watu kwa maneno ambayo alinifutia nisiyaandike hapa. Binti yule hakurudi kwenye kwaya.

Uamuzi wa kwanza, ambao ni wangu

Aliponiuliza afanye nini, nilimwambia aamke saa kumi usiku, kabla ya mtu yeyote, asome sura moja na kuomba nusu saa. Nilimpa na Marko 1:35, pale Bwana Yesu anapoondoka alfajiri na mapema sana kwenda kuomba mahali pasipokuwa na watu. Nilimwambia mimi nafanya hivyo na nimefaidika.

Nafanya kweli. Lakini mimi ni mstaafu, watoto wangu wameshajitegemea, na hakuna mtumbwi unaoningoja. Nikiona usingizi saa mbili usiku nalala. Yeye katika siku za giza alikuwa akilala saa sita, ili saa kumi na moja awe mwaloni. Nilimpunguzia usingizi kidogo aliokuwa nao nikauita ushauri wa kiroho.

Alijitahidi. Alinunua daftari akawa anaweka alama ya vema kila siku. Wiki ya kwanza vema saba. Wiki ya tatu alikuwa anasinzia na Biblia mapajani, anashtuka, anaweka vema, anatoka mbio. Wiki ya tano aliacha, ila hakuniambia. Kila nikimuuliza alijibu, "Tunamshukuru Mungu, tunaendelea." Baadaye alikiri kwamba uongo ule ulimtesa kuliko kutosali kwenyewe. Kabla sijamshauri alikuwa mama aliyechoka, na nilipomaliza alikuwa mama aliyechoka, mwenye hatia, na anayenikwepa.

Ziwa linafungwa

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu, hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ulikuwa mpango wa nchi zote nne zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Mialo ikanyamaza. Sitaeleza hapa jinsi fedha ilivyokuwa ngumu kwa nyumba nyingi, kwake pia. Aliuza mawese na vitumbua wakapita.

Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwa ajili yake. Nilisema moyoni: haya, sasa nafasi imepatikana.

Wengine nao waliiona nafasi hiyo hiyo. Kabla Mei haijaisha kamati ya ujenzi ilimpa ukusanyaji wa ahadi zote za bati, "maana sasa una muda, Mama." Juni tukaanza maandalizi ya semina ya akina mama, nani awe katibu? Ndugu wa mume walikuwa na sherehe ya kumfunda mwari, wakamkabidhi jiko. Hakukataa hata moja. Katikati ya Juni alikuwa amechoka kuliko alivyowahi kuchoka katika siku za giza, na hapo hapakuwa na hata dagaa mmoja wa kuanika.

Baba Debora ni mtu wa maneno machache. Jioni moja alimwona anatafuta kiatu cha pili huku simu imebanwa begani, akamwambia: "Mama, ziwa limefungwa, wewe hujafungwa."

Alinisimulia akicheka. Mimi nilikaa na sentensi ile siku nzima, kwa sababu ilivunja maelezo yangu yote. Nilikuwa nimeamini kwamba anayemzuia asitulie ni dagaa. Dagaa wameondolewa, na pengo waliloliacha halikudumu wiki mbili. Lilijazwa na kanisa, nasi tulikuwa wa kwanza kulijaza.

Siku ya pili ya semina

Hapa nitakaa kidogo. Somo la siku ya pili lilikuwa Luka 10:38–42, Martha na Mariamu. Somo nililipanga mimi. Zamu ya jikoni niliipanga mimi pia, na niliwaweka akina mama tisa, Mama Debora akiwa msimamizi. Sikuona kichekesho chochote katika karatasi zile mbili nilizoziandika kwa kalamu moja.

Jiko lilikuwa chini ya mwembe, hatua kama thelathini kutoka kanisani. Spika ilikuwa imeelekezwa nje. Saa tano hivi Mama Debora alikuwa anapindua pilau kwa mwiko mrefu, uso umejaa moshi, mara ikasikika sauti ya mwalimu wa semina: "Martha, Martha, unasumbuka na kufadhaika kwa ajili ya vitu vingi..." Na mwalimu akaongeza, kwa nguvu, kwamba leo Bwana anawaita akina Martha wote waache masufuria.

Mama Debora aliuacha mwiko ndani ya sufuria akaanza kucheka. Wenzake wakacheka. Waliokuwepo wanasema walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Kisha ikaonekana kwamba wenzake wamenyamaza na yeye bado anaendelea, na si kicheko tena. Alikwenda nyuma ya choo cha kanisa akakaa huko. Pilau iliungua upande mmoja. Wageni walikula wasijue, isipokuwa mzee mmoja wa kanisa aliyeuliza kwa nini leo ina ukoko mwingi.

Uamuzi wa pili

Tulikutana nyumbani kwake Julai, yeye, mume wake na mimi. Safari hii sikwenda na jibu. Nilimwomba anisimulie siku yake moja ya giza, tangu kuamka hadi kulala, bila kuruka. Ilichukua saa nzima. Alipofika kwenye kuanika akasema jambo alilolisema kama la kawaida kabisa.

Chanja yake imepakana na ya mama mmoja Mwislamu wa Ujiji. Ni majirani wa kazi wa miaka mingi. Ikifika adhuhuri yule mama huosha miguu, hutandika mkeka wake nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, akaswali. Wakati huo Mama Debora ndiye anayemlindia dagaa dhidi ya kunguru.

"Kila siku?" nikauliza.

"Kila siku."

"Na wewe nani anakulindia?"

Akaniangalia. "Sijawahi kumwambia anilindie."

Sidhani kama nimewahi kusikia mahubiri yaliyonichoma vile. Miaka yote alikuwa akilinda sala ya mwenzake, haimsumbui, haioni kuwa ni kupoteza muda, wala hamfikirii yule mama kuwa mvivu. Ya kwake mwenyewe hakuwahi kuipa hata mkeka.

Tukakubaliana mambo kadhaa, na sababu zake nazieleza kwa sababu ndizo zinazoweza kuwafaa wengine.

La kwanza lilikuwa saa. Tuliachana na alfajiri. Tukachukua ule muda wa kungoja jua, kuanzia saa tatu asubuhi, dakika kama arobaini kabla ya kuwageuza dagaa. Hakuuiba kutoka kwenye usingizi wala kutoka kwa watoto. Ulikuwepo tayari, ila alikuwa akiutumia kupiga simu za michango. Simu ikawa inabaki na binti mkubwa.

La pili ni mahali, na hapa yeye ndiye aliyenifundisha. Nilipendekeza akae nyumbani, uani. Akakataa. "Mwanamke akionekana amekaa nyumbani, Mwalimu, anaitwa. Hata mtoto wa jirani atamtuma. Ila ukikaa pembeni ya dagaa hakuna anayekuuliza, wanajua uko kazini." Mathayo 6:6 inasema uingie katika chumba chako cha ndani na kufunga mlango. Katika nyumba ya watu saba mlango upi? Chumba chake cha ndani kikawa hadharani, kwenye kreti lililopinduliwa, mbele ya ziwa, kati ya kunguru na dagaa. Hakuna aliyejua anafanya nini isipokuwa jirani yake.

Kuhusu cha kusoma, tuliachana na sura moja kwa siku. Angechukua kifungu kimoja kifupi tangu mwezi uandame hadi uandame tena, akikisoma polepole, hicho hicho. Na siku za mbalamwezi, ambazo mwaloni hakuna kazi, jioni moja angekaa muda mrefu zaidi. Daftari la vema tulilichoma jikoni. Hilo lilikuwa wazo la Baba Debora.

Mwisho vyeo. Kati ya vitano aliamua kubaki na viwili, ukatibu wa idara na maombi ya Alhamisi. Nilimuuliza kwa nini hakuacha vyote. Alisema hivyo viwili vikimmaliza nguvu anajua anakwenda wapi kuzitafuta, vingine vitatu alivichukua kwa sababu aliona haya kukataa.

Kuwaambia wazee

Hili lilikuwa gumu kuliko tulivyotazamia. Aliandika barua fupi, nami nikaenda naye. Mchungaji alielewa, ingawa alionekana kuhesabu kichwani nani atakusanya bati. Mzee mmoja alisema wazi kwamba dada yetu amepoa. Mwingine akauliza kama kuna ugomvi. Hakuna aliyeuliza kama anasali.

Mama Debora alikuwa amejiandaa kujitetea kwa maneno mengi. Alisema moja tu, "Nimechoka kumhudumia mtu nisiyezungumza naye," akakaa. Mzee aliyesema amepoa aliangalia viatu vyake.

Yaliyofuata

Ziwa lilifunguliwa katikati ya Agosti, mwezi ukiwa karibu kuwa mpevu. Ulikamilika tarehe 19. Wavuvi waliingia kwa hamu, ila mwezi haujali hamu ya mtu, na dagaa wa siku zile walikuwa wachache. Zikawa siku nzuri za kuanzia. Alimweleza jirani yake anachotaka. Yule mama alimjibu: "Si ungesema zamani?"

Siku za mwanzo, alivyonisimulia, hakusikia chochote cha kiroho. Alisikia bei. Anasoma nusu mstari, akili inakwenda kwenye gunia la mwisho lililouzwa Tabora, anairudisha, inakwenda kwenye sare za kwaya. Nilimwambia asiipige, airudishe tu kama anavyorudisha dagaa waliomwagika pembeni ya chanja. Wiki ya tatu bei zikapungua kichwani, likaja jingine.

Mama yake mzazi alifariki miaka miwili kabla. Msiba ulikuwa kwao, na Mama Debora ndiye aliyesimamia jikoni, kama kawaida yake. Walipokuja kumwita kwamba jeneza linatoka, aliwajibu: "Ngojeni kwanza wali uive." Alikuwa amelisahau jibu lile. Likamrudia pale kwenye kreti, na harufu ya wali ikamjia na mvuke usoni, akawa hawezi kunyanyuka. Jirani yake aliwageuza dagaa wa chanja zote mbili asubuhi ile.

Ilimchukua siku nyingi. Sikumshauri kitu. Nilikwenda mara mbili nikakaa naye, tukanywa chai.

Kwa binti wa vitunguu alikwenda mwenyewe mwezi Septemba, kwa miguu, na hakuenda na zawadi. Binti alirudi kwaya, lakini si haraka.

Sasa hasara, maana zilikuwepo. Shule ya Jumapili ilikaa karibu miezi miwili bila mwalimu wa kudumu, na watoto walikuwa wakicheza nje ibada nzima. Tulimwacha atoke kabla ya kumpata wa kumpokea, na kosa hilo ni letu, si lake. Ahadi za bati zilichelewa. Wifi yake alimnunia kwa sababu alikataa jiko la sherehe iliyofuata, na mpaka naandika salamu zao ni za juu juu. Uhazini wa kwaya ulikwenda kwa kijana mmoja anayefanya kazi ya duka, na lazima nikiri kwamba hesabu zimenyooka kuliko zamani. Mama Debora alipoambiwa hivyo aliumia kidogo, kisha akacheka.

Novemba mvua zilikolea. Mvua ikinyesha, dagaa wasiofunikwa ndani ya dakika chache ni hasara, kwa hiyo ile saa tatu tulivu ikageuka kuwa saa ya kuangalia mawingu na kukimbizana na turubai. Wiki tatu hakukaa hata mara moja. Alinijia akiwa na sura ile ya wakati wa daftari. Lakini safari hii alikuja mwenyewe, na hakunidanganya. Tukaona zile jioni za mbalamwezi bado zipo, zikamvusha msimu wa mvua.

Uchambuzi

Kilichofaa zaidi ya vyote kilikuwa kumwuliza siku yake ilivyo kabla ya kumpa saa. Natamani ningesema ni hekima. Ilikuwa kushindwa kwa jibu la kwanza. Walezi wengi tunafundisha ibada ya binafsi kwa ratiba ya mtu mwenye mshahara na mlango wa kufunga, kisha tunashangaa wauza dagaa, wauza mboga na wakulima wa mihogo wanaonekana hawana bidii. Kila kazi ina mahali pake pa kungoja: mihogo ikiloweka, mawese yakichemka, mtumbwi ukichelewa. Anayepajua ni mwenye kazi.

Jambo la pili naliandika kwa kusita kidogo, kwa sababu linatugusa sisi viongozi. Kinachomwondoa mama mbele za Mungu mara nyingi ni shughuli za Mungu huyo huyo. Luka hasemi Martha alihangaika kwa anasa wala biashara. Anasema alihangaika kwa "utumishi mwingi". Nimelifundisha fungu hilo miaka na miaka nikilirusha kwa akina mama kama kiboko, na nikishamaliza nawagawia zamu ya jikoni. Kwenye ile semina mwanamume mmoja tu alibeba kitu, naye alibeba spika. Kama tunataka akina mama wakae miguuni pa Bwana, lazima mtu mwingine aiangalie pilau, au siku hiyo tule ugali wa jana. Mwaka huu wanaume wa kanisa wamekubali kupika siku ya pili. Nimeonja majaribio yao. Tutakula.

Wapo wanaolichukua fungu lile kwamba kazi ni mbaya. Silikubali. Katika Yohana 12 yumo Martha yule yule, Bethania pale pale, na bado anatumikia. Na sura moja kabla, Yohana 11, amemkiri Yesu kuwa ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, akiwa katikati ya msiba wa ndugu yake. Bwana hakumtoa jikoni. Ninachokiona ni kwamba mara hii ya pili hasikiki akilalamika juu ya dada yake.

Kilichoshindikana nimeshakitaja: kupunguza mzigo wa mtu bila kuwaandaa watakaoupokea. Naongeza kosa langu jingine. Nilipomwinua mbele ya kusanyiko miaka ile kama mfano, nilimfungia njia ya kusema amechoka. Uongo wake wa wiki ya tano niliutengeneza mimi siku ile. Siku hizi sisifu wingi wa kazi za mtu madhabahuni.

Na kuhusu yale yaliyotoka alipotulia, mlezi ajiandae. Mama aliyekaa mbio miaka mingi huenda ana kitu anachokikimbia. Ukimtuliza kisha ukaondoka, umemwacha peke yake nacho.

Hali ilivyo sasa

Biblia yake inafungika zipu. Karatasi za michango zimehamia kwenye bahasha ya kaki, na bado ni nyingi. Uchaguzi wa viongozi wa idara umekaribia, na jina lake limependekezwa kwa uenyekiti, tena kwa sauti kubwa, na mzee yule yule aliyesema amepoa. Walitaka jibu Jumapili iliyopita. Yeye amewaomba wangoje mbalamwezi ipite, na kifungu alichonacho mwezi huu amekataa kuniambia.